Mbuni Mwenye Miwani

Shangazi aliagiza jiwe la kaburi lake akiwa hai, tena kama mtu anayeagiza kabati. Akataja urefu, akataja unene, akasema rangi iwe ya kijivu maana nyeupe inashika uchafu. Alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, blanketi magotini, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba, na ile shingo yake ndefu ameinyoosha kama anachungulia ua wa jirani. Chini ya sakafu tulisikia cherehani ya fundi nguo ikikimbia na kusimama, ikikimbia na kusimama.

Alipomaliza vipimo akatugeukia, mimi na Dakta.

"Maneno ya juu mtaleta nyinyi. Kila mtu ubeti mmoja. Nitachagua mmoja, huo mwingine utafungia sabuni."

"Si ujiandikie mwenyewe?" nikamwambia. "Umetunga mashairi maisha yako yote, leo unaomba msaada?"

"Ndiyo maana. Mtu akijisifu yuko hai anaitwa mwenye majivuno. Akijisifu amekufa ataitwa nani? Hata neno hatuna."

Dakta akacheka kile kicheko chake cha puani. "Mama, hilo lazima niliandike."

"Liandike, mwanangu."

Mwanangu! Jamani, mimi ni mtoto wa kaka yake, damu moja. Huyu mama ndiye aliyenilea, akaniogesha, akanichapa, akanifundisha kuhesabu mizani za shairi kwa kugonga meza kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Na jina aliloniita miaka yote ni "wewe msumbufu". Siku ameamka vizuri, "msumbufu wangu". Halafu anakuja mtu na shati lake la pasi, hajawahi hata kumwoshea kikombe, anaitwa mwanangu.

Na sijamaliza. Kazi yangu mimi ni kuchonga maandishi kwenye mawe ya makaburi. Kwa hiyo Shangazi akichagua ubeti wa Dakta, atakayeuchonga ni mimi. Herufi kwa herufi, kwa mkono wangu, mpaka uwe mzuri. Nilipolifikiria hilo nikiwa nashuka ngazi nilikosa daraja moja, nusura nimwangukie fundi nguo mapajani.

Niseme pia kwamba Dakta si wa sindano. Ni daktari wa lugha. Ukiumwa na kiambishi, mwite. Tulikaa chumba kimoja chuoni, kitanda chake chini, changu juu. Yeye aliendelea mpaka wakamvisha joho la rangi nyekundu. Mimi niliishia katikati, siku moja nikatoka kwenda kununua wembe nikasahau kurudi. Pale karakana wananiita Nusu Chuo. Na aliyempeleka Dakta kwa Shangazi ni nani? Ni mimi, kwa miguu yangu, huku najigamba: "Twende ukamwone mtunzi wa kweli, siyo hao wa kwenye mitihani yenu." Alipofika akakaa. Hakuondoka tena. Sasa alikuwa anakusanya mashairi yote ya Shangazi ayatie kitabuni, na kila jioni akipanda zile ngazi na kompyuta yake kifuani utadhani amebeba kichanga. Kile kikombe kikubwa chenye mstari wa bluu, ambacho tangu utoto kilikuwa changu, nikakikuta mkononi mwake.

"Hicho kikombe kina ufa," nikamwambia.

"Mbona hakivuji?"

"Kinavuja ukikizoea."

Shangazi akanitazama juu ya miwani.

Moyo wake ulikuwa umechoka. Daktari wa hospitali alishamweleza kwa maneno mengi, naye alishamjibu kwa machache. Tangu hapo akawa anazungumza habari za kufa kama watu wengine wanavyozungumza habari za kuhama nyumba. Si kwamba hakuogopa. Nilimwona mara nyingine akishika mkono wa kiti mpaka vidole vinakwajuka. Lakini akishaanza kusema, maneno yalimnogea mwenyewe, hofu ikakaa pembeni.

"Hebu hesabuni," alituambia siku moja. "Kuzaliwa." Akagonga mkono wa kiti kwa kidole: ku, za, li, wa. "Nne. Kuishi." Ku, i, shi. "Tatu. Kufa." Ku, fa. "Mbili. Mnaona? Lugha ilishapiga hesabu zamani. Sisi tunashangaa nini?"

"Na ya mizani moja?" nikauliza.

"Ya moja ni 'la'. Hiyo namwambia daktari kila akinitajia kulazwa."

Mimi nilicheka mpaka nikashika mbavu. Dakta hakucheka. Dakta aliandika. Na hapo ndipo inaponichoma: mimi nacheka, kicheko kinaishia dirishani, yeye anaandika, kesho ni chake.

"Na jambo jingine," Shangazi akaendelea. "Kwenye jiwe langu sitaki 'ametangulia'. Ametangulia wapi? Kwani tulikuwa kwenye mashindano? Wala 'ametutoka', kama meno. Mimi nitakufa, basi. Neno lipo, fupi, halijachakaa. Watu wanalizunguka utafikiri linauma."

Halafu akawa anatazama nje. Mbele ya dirisha lake palikuwa na paa la bati na mfereji wa maji ya mvua, na ndani ya mfereji ule ziliota nyasi, kishungi tu, kijani kibichi.

"Zile pale," akasema, "mbegu ililetwa na ndege au na upepo, ikatupwa juu ya bati. Haikuuliza kitu. Imekunywa mvua, imeota. Ningezionea wivu, lakini wivu unataka mtu mwenye nguvu."

Nikasema moyoni, Shangazi, kama ni nguvu tu, mimi ninazo za kukukopesha.

Basi nikaanza kutunga. Nilitunga mashine ikikata mawe, maji yananirukia, vumbi limenijaa masikioni, nagonga mizani kwenye paja. Bosi wetu, mtu mnene mwenye moyo mwepesi wa kutishika, akadhani nimeshikwa na degedege. Ana haki ya kunihofia. Kuna wakati nilichonga jina lake kamili kwenye kipande cha marumaru kilichobaki, nikakisimamisha dirishani pamoja na sampuli, nikaenda zangu kula. Nilimkuta amekaa chini mbele yake, kofia mkononi, anajisomea. Hakunisemesha wiki nzima.

Kila nilipopata mstari mzuri niliuona uso wa Dakta. Nikawa nauliza, huu ataufikia? Hawezi. Naubakiza. Huu je? Anaweza huyu, ana kamusi nne. Naufuta. Nilitafuta maneno mazito, maneno ambayo ukiyadondosha sakafuni fundi nguo wa chini anauliza kuna nini. Na nilipomaliza nilijua, bwana, nilijua kabisa, kwamba nimemmaliza.

Siku ya kusoma, Shangazi alitusimamisha mbele yake kama watoto wanaosema somo.

"Tangulia, ndugu yangu," Dakta akaniambia kwa adabu.

"Hilo neno limepigwa marufuku humu," nikamjibu.

Shangazi akatikisika mabega. Nikajiona nimeshapata bao la kwanza. Nikakohoa, nikaanza:

"Simba jike kaanguka, misitu yote yalia—"

"Simba?" Shangazi akanikata.

"Ni mfano, Shangazi."

"Juzi nilipanda juu ya kiti hiki kwa sababu ya mende."

Dakta akainama kufunga kamba ya kiatu. Kiatu chenyewe hakikuwa na kamba.

"Na hiyo misitu inayonililia ni ipi? Mimi msitu nimeuona kwenye kalenda. Haya, endelea, endelea, nisikukatishe."

Nikaendelea. Nilisoma mpaka mwisho, lakini sauti ilishakuwa ya mtu anayesoma tangazo la kukatika kwa maji. Nilipomaliza, kulisikika cherehani tu. Shangazi akavua miwani, akaiacha ining'inie.

"Vina ni safi. Mizani imetimia, sikudai hata moja. Lakini huu umeutunga ili umshinde mwenzio. Nimejitafuta humo, mimi simo."

Dakta akafungua karatasi yake. Alisoma polepole, bila kutazama mtu.

"Hapa mbuni kalala, kalamu ameitua,
Maneno hayana ila, kwake yalijichanua,
Nyasi zimee mahala, aliponena na mvua,
Na ajaye kwa suala, asome, atatambua."

"Rudia ule wa nyasi," Shangazi akasema.

Akarudia. Shangazi akafumba macho. Mkono wake uliokuwa ukigonga mizani ukatulia juu ya blanketi, ukabaki wazi.

"Hilo 'kalala' ningelikataa, maana mimi silali, ninakufa. Lakini kina kimemwokoa." Akafumbua macho. "Huu ndio."

Kisha akanigeukia. "Msumbufu, utauchonga vizuri, eh? Herufi za kusomwa na mtu aliyesahau miwani."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na pambo la juu weka utakalo wewe. Wenzio huwa wanaweka njiwa. Mimi njiwa ananichosha."

Mnajua kilichoniuma? Ubeti wake ungekuwa mbaya ningemsamehe. Ningemsifu hadharani, ningemshika na bega. Tatizo ulikuwa mzuri. Na zile nyasi! Siku zilipotajwa nilikuwepo, nimekaa karibu na dirisha kuliko yeye, nimezitazama kwa macho haya. Nikazipita. Yeye akazichukua, akaenda nazo kwake, akazipanda juu ya kaburi. Usiku sikulala vizuri. Nilijigeuza kitandani nikijitungia nyasi zangu, zikawa zinanyauka zenyewe.

Asubuhi Dakta alinifuata karakana kuniletea ule ubeti, ameupiga chapa kwenye karatasi nzuri. Akasimama mbali kidogo na vumbi.

"Ndugu yangu, nashukuru kwa moyo wako. Najua si rahisi."

"Kuchonga? Mbona ndiyo kazi."

"Haya. Kuna kitu kimoja tu. Pale mwanzo, 'mbuni'. Inasomwa m-buni. Mizani tatu. Inatokana na kubuni, yaani mtunzi. Ukiisoma kama yule ndege mkubwa asiyeruka, ile m inamezwa, unabaki na mizani mbili na mstari unachechemea. Kwa maandishi hakuna tofauti, lakini—"

Akanyamaza, labda kwa sababu ya namna nilivyokuwa nimeshika nyundo.

"Unanifundisha mimi mizani?" nikamwuliza. "Za shangazi yangu?"

"Hapana, hapana. Nasema tu, usije ukafikiria ndege."

Asingesema! Wallahi asingesema lile neno la mwisho, jiwe lile lingekuwa na ua dogo la heshima na watu wangelipita. Lakini alipotoka tu, nikafikiria ndege. Nikala nikifikiria ndege. Nikabandika karatasi ya kuchongea juu ya jiwe, nikakata herufi zote za Dakta, na lazima niseme zilikuwa herufi bora nilizowahi kukata, maana hasira inanyoosha mkono. Mistari minne ikakaa imetulia. Juu yake pakabaki uwazi wa pambo. Nikachukua penseli nikiwa najisemea, ngoja tuone Dakta atakavyowaeleza wageni.

Nikamchora mbuni. Miguu miwili mirefu ya dharau, manyoya ya mviringo, shingo. Ile shingo ilinichukua muda. Mkono haukutaka kuifupisha. Nikachonga polepole kwa patasi ndogo. Mwisho, sikumbuki hata kama niliamua, nikamtundikia miwani kifuani kwa kamba.

Bosi alikuja na chai yake akasimama nyuma yangu.

"Nusu Chuo, huyu nani?"

"Mbuni."

"Marehemu alikuwa anafuga?"

"Hajafa bado."

"Akiona hii atakufa."

Akaenda zake. Nami ndipo nikapata akili. Jiwe halina kifutio. Nilikuwa nimekusudia kumchoma Dakta, nikasahau kwamba yule atakayelala chini ya mzaha ule si Dakta. Ni mwanamke mzee ambaye moyo wake unapiga kwa kubahatisha, na ambaye jambo pekee aliloniomba ni kwamba nichonge vizuri. Nilikaa juu ya ndoo, nikamtazama yule ndege. Naye akanitazama kwa jicho la pembeni kama mtu anayekudai maelezo. Nikafikiria kumsaga kwa msasa, lingebaki shimo. Nikafikiria kusema jiwe limevunjika. Nikafikiria hata kulivunja.

Sikuwahi. Mchana huohuo nikasikia gari nje, na sauti ya Dakta: "Taratibu, mama, kuna kizingiti." Shangazi alikuwa amechoka kusubiri, akataka aletwe aone.

Bosi akamtolea kiti chake mwenyewe, akakipangusa kwa kofia. Shangazi akakaa, akahema, akavuta hewa ya vumbi kana kwamba ni ya bustani. Nilikuwa nimelifunika jiwe kwa turubai.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona umekuwa mweupe kama unga? Funua."

"Shangazi, labda ningoje nilisafishe—"

"Mimi nina muda wa kungoja? Funua, msumbufu."

Nikafunua.

Dakta ndiye aliyeona wa kwanza. Mdomo wake ukafunguka, ukafunga. "Hii ni nini?"

"Mbuni," nikasema.

"Nilikuambia wazi! Nilikuambia inavyosomwa!"

"Uliniambia inavyosomwa. Hukuniambia inavyochorwa."

"Huu si mzaha! Hili ni kaburi la mtu, wewe! Mama, samahani sana, tutatafuta jiwe jingine, mimi—"

"Nyamaza kidogo, mwanangu," Shangazi akasema.

Akapapasa kifuani, akaipata miwani, akaivaa. Akainama mbele. Akamtazama yule ndege toka kwenye kucha mpaka kwenye kichwa, akashuka tena mpaka kwenye miwani ya kamba. Akaishika miwani yake mwenyewe. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu.

Kilianza kama kikohozi. Nikadhani ndiyo basi, nimemuua, nikaruka kumshika. Kumbe anacheka. Alicheka kwa sauti ambayo sikuisikia tangu nikiwa mdogo, kile kicheko cha kupiga mguu chini, akashika shingo yake, akanionyesha yule ndege, akajaribu kusema kitu, akashindwa, akacheka tena. Machozi yakampita chini ya miwani. Bosi naye akaanza kucheka bila kujua anacheka nini. Mimi nikacheka kwa woga. Dakta peke yake akabaki amesimama na leso mkononi, hajui ampe nani.

"Shingo," Shangazi akasema alipopata pumzi. "Ee bwana wee. Darasani walikuwa wananiita hivyo hivyo. Nilipigana na watoto kwa ajili ya huyu ndege!" Akajipangusa. "Haya. Soma mstari wa kwanza."

"Mimi?"

"Si wewe uliyechonga?"

Nikasoma. Kwa ubishi tu, nikasoma kama ndege, m nimeimeza. Kidole chake kilikuwa kinagonga mkono wa kiti. Mwisho wa kipande cha kwanza kikabaki juu, hakina pa kutua.

"Umeniacha hewani," akasema. "Tena."

Nikasoma tena. M-buni. Nikaipa ile m nafasi yake, nikaitoa kwa midomo iliyofungwa, kama mtu anayeonja kitu kabla ya kusema ni kitamu. Kidole kikatua. Na nikautambua ule mstari, bwana. Ulikuwa unamhusu kweli. Wivu ulinipanda upya mpaka kooni, lakini sasa ulikuwa na ladha nyingine, sijui niueleze vipi. Kama kumwona mtu amevaa nguo uliyoitamani, na ikawa imemkaa.

"Basi liache hivyo hivyo," Shangazi akasema. "Wakitazama wataona ndege, wakisoma watanisikia mimi. Nitakuwa napata wageni wanaobishana." Akakigusa kichwa cha mbuni kwa kidole. "Kwenye ule ubeti wako wa simba sikuwemo. Hapa nimo."

Nikasubiri aongeze neno. Mnajua neno gani. Hakuongeza. Akamwomba Bosi chai.

Nikatoka nje kunawa uso kwenye pipa la maji. Dakta alikuwa pale, ameegemea ukuta, suti yake imepata vumbi mgongoni na hajali.

"Umefurahi?" akaniuliza.

"Kidogo."

"Mimi hajawahi kunichekea vile." Alisema akitazama lile pipa. "Nimemletea mashairi, nimemletea maswali, nimempangia kazi zake zote. Ananiambia 'vizuri, mwanangu'. Vizuri, mwanangu! Wewe unamletea ndege, anacheka mpaka analia."

"Lakini wewe unaitwa mwanangu."

Akanigeukia kama mtu aliyetukanwa. "Fundi nguo wa chini anamwita nani? Mwanangu. Yule anayeleta gesi? Mwanangu. Mtu aliyekosea mlango juzi akamwambia panda juu kidogo, mwanangu. Ni jina la kila mtu asiyemjua. Msumbufu yuko mmoja tu. Wewe kweli hujawahi kuliona hilo?"

Sikuwa nimeliona. Nilinawa uso mara ya pili ili asinione ninavyotabasamu. Nilifurahi vibaya, furaha ya kitoto, ya kurudishiwa kikombe. Ningeweza kumwambia kwamba ule mstari wa nyasi ningetoa kidole kuupata. Ingempoza. Sikumwambia. Nilimwambia, "Una vumbi mgongoni," nikarudi ndani.

Alikufa. Natumia neno lake. Alikufa mchana, kwenye kiti, mimi nikiwa nimeenda kumnunulia betri za redio. Niliporudi, nyasi zilikuwa zinapepea kwenye mfereji na cherehani chini inakimbia na kusimama, maana fundi nguo alikuwa hajaambiwa. Nilikaa naye kidogo kabla ya kumwita mtu. Maneno yote niliyokuwa nayo alinipa yeye, na kumsemea lolote kungekuwa kama kumlipa kwa mali yake mwenyewe.

Kilichobaki kwenye jiwe kilikuwa tarehe. Dakta alikuja karakana bila kompyuta yake, macho yamevimba, akasimama ndani ya vumbi safari hii. Nilishapima, nilishaandika kwa penseli.

"Niachie tarakimu moja," akasema.

"Hujawahi kushika patasi."

"Sifuri tu. Sifuri haina ufundi."

"Sifuri ndiyo inayomtoa mtu jasho kuliko zote."

"Basi ile moja. Mstari mmoja ulionyooka. Tafadhali."

Nilimtazama. Ubeti ulikuwa wake, wote, mistari minne, ungebaki pale mvua na jua. Kitabu nacho kingekuwa chake, jina lake likiwa mgongoni. Mimi nilikuwa na yule ndege, na tarakimu hizi, kitu cha mwisho ambacho mtu yeyote angemfanyia kwa mkono.

"Hapana," nikasema.

Hakubishana. Akatikisa kichwa kukubali, akabaki amesimama pale, mikono haina kazi. Nikapiga nyundo ya kwanza. Vumbi likajaa kwenye mchongo, nikashindwa kuona mstari wangu.

"Kama unataka," nikasema bila kuinua kichwa, "puliza vumbi."

Akapiga magoti na suruali yake ya ofisini, akainama, akapuliza. Nikachonga, akapuliza. Tulikwenda hivyo, na pumzi zake zilikuwa zinakatika katikati. Alikuwa ameweka uso karibu sana na jiwe, karibu kuliko mimi.

"Rudi nyuma kidogo," nikamwambia.

Akarudi nyuma kidogo.